Uso wa Shubiri

Mwalimu Asegelile alifika nyumbani kwa Gwantwa saa nne asubuhi, kichwa na mashavu amevifunga kwa shali ya sufu kama mtu mwenye jino bovu. Kabla hata ya salamu aliomba mlango ufungwe.

"Tafadhali, mama. Kuna watoto wananifuata tangu stendi."

Gwantwa alichungulia nje. Ng'ambo ya barabara, penye nguzo ya kuchajia magari, walisimama watoto wa shule katika sare zao, kimya, kila mmoja ameficha mkono nyuma. Ukungu wa Mbeya ulikuwa bado haujapanda, ila aliyaona macho yao, na hayakuwa macho ya mchezo.

Akafunga mlango. Mgeni akaanza kufungua shali yake polepole.

Lilitokea kwanza jicho la kushoto, lile lililolegea. Kisha mdomo, na ulimi uliopita juu ya meno ya mbele kabla ya kusema neno. Gwantwa alishika kiti. Uso huo alikuwa akiutazama kwa miaka kumi na miwili, ukisimama juu ya karatasi kwa kimo cha kikombe cha chai, katika kila toleo la hadithi zake za Zawena, vitabu hai ambavyo wahusika wake huinuka kutoka ukurasani. Huyu alikuwa Shubiri, mwizi wa sauti za watoto, anayezifungia ndani ya kibuyu na kukitikisa apate kuzisikia zikilia.

"Naitwa Asegelile Mwakalobo," mzee alisema. "Nilikuwa mwalimu. Sasa nafuga ng'ombe wawili huko Tukuyu, naishi na binti yangu. Nimekuja kukuomba jambo moja tu, mama mwandishi. Nitoe kwenye kitabu chako."

Gwantwa alifungua kinywa. "M-m-m..."

Tangu awe mtu mzima alikuwa amehutubia mikutano, ameolewa na kuachana na mume kwa maneno makali yaliyonyooka, wala ulimi haukuwahi kumsaliti. Sasa ulikwama kama gurudumu kwenye tope.

"Pumua, mama," mzee alimwambia kwa upole. "Pumua kwanza. Nakungoja."

Maneno yaleyale, kwa sauti ileile. Mzee huyu alikuwa akiyasema mbele ya darasa la tano, ameegemea meza, na baada yake yalifuata makofi.

Alimkaribisha kiti kwa ishara ya mkono, mzee akaketi akishika goti lake bovu, naye akaenda jikoni kuweka maji ya chai ili apate kugeuza uso. Aliporudi, mzee alimweleza. Mtu aliyekuwa akinunua maziwa yake ameacha, kwa sababu wanawe hawayanywi. Kanisani watoto hulia akiingia, hivyo mchungaji amemwomba asali nyumbani. Mjukuu wake mwenyewe hupigwa shuleni, akiitwa damu ya Shubiri, na siku hizi hali chakula kwenye meza moja na babu yake.

"Nikajiuliza, huyu mama ananijua wapi? Nimewaza sana. Binti yangu anasema ni mashine tu ya vitabu, imebahatisha uso."

"Ulifundisha wapi, mwalimu?" Sasa sauti ilikuwa imerudi.

"Pengi. Lupembasi ndiko nilikokaa sana."

"Unamkumbuka msichana mmoja wa hapo, darasa la tano? Mwenye kigugumizi."

Mzee alifikiri. Hakuigiza, alifikiri kweli, jicho lake zima likitazama dari.

"Walikuwa wengi, mama. Kigugumizi ni mazoezi tu, wala si ugonjwa. Nilikuwa nawasimamisha mbele wasome kwa sauti, na wakikwama, wenzao wanawapigia makofi kuwatia nguvu. Kila siku, mpaka ulimi uchangamke. Wengi walipona." Akatabasamu kidogo, kama mtu anayekumbuka shamba lake lilipokuwa na rutuba. "Kwa nini unauliza?"

"Basi tu."

Hapo ndipo Subilaga alipotokea chumbani. Alikuwa mtoto wa Tumpe, mdogo wake Gwantwa. Alikuwa na miaka tisa, na aliishi na mama yake mkubwa kwa ajili ya shule. Siku hiyo alibaki nyumbani kwa mafua. Kitabu alikuwa amekibana kwapani, kimefunguka, na Zawena amesimama juu ya ukurasa akisuka nywele zake huku akimsikiliza.

Subilaga alimwona mgeni. Alikuwa mtoto ambaye kusema "shikamoo" kulimchukua muda wa kuvua viatu. Lakini neno lililomtoka lilitoka zima, kali, bila kukwama hata kidogo.

"Shubiri! Rudisha sauti zetu!"

Bakuli la sukari lilimpiga mzee juu ya jicho. Damu ikashuka, sukari ikamwagika kifuani pake, naye akabaki ameinua mikono mbele ya uso, akisema, "Mjukuu wangu, sivyo, mjukuu wangu, sivyo."

Gwantwa alimkamata mtoto, akamfokea, akakimbilia kitambaa na maji. Alifanya yote yaliyopasa. Lakini alipokuwa amepiga magoti akimfuta yule mzee damu, alihisi kitu kikichangamka kifuani mwake, akakitambua. Ilikuwa furaha.

*

Editha Komba, aliyekuwa mhariri wake tangu toleo la kwanza, alimsikiliza mpaka mwisho bila kugusa kahawa yake.

"Uliapa kwamba wahusika wote ni wa kubuni," alisema.

"Nilifikiri ni wa kubuni."

"Gwantwa."

"Nilipovaa kofia mara ya kwanza mliniambia niwaze mtu wa kuogopwa. Nikawaza. Alivyokuja ndivyo alivyokuja."

Ndivyo vitabu hai vilivyoandikwa. Mwandishi aliketi chini ya kofia ya nyaya, akaiwaza hadithi yake, na mashine ikachota sura, sauti na hasa hisia, ikavipanda katika karatasi. Maneno ilikuwa inaweza kuyatunga yenyewe. Hisia haikuweza. Chuki ya kuigiza ilitoka kama mchuzi usio na chumvi, na watoto waliutema. Ya Gwantwa ilitoka na uhai wake wote, ndiyo maana hapakuwa na nyumba yenye mtoto isiyomjua Zawena. Na kila mwaka, kwa kuwa ndani ya kichwa cha Gwantwa mwalimu yule aliendelea kuzeeka, Shubiri naye alizeeka.

"Mbadilishieni uso," alisema. "Kazi ya siku moja."

"Tulijaribu mwaka jana katika wilaya moja, wazazi walipolalamika kwamba anatisha kupita kiasi. Tulimpa uso wa mtu asiyekuwepo duniani. Unajua kilichotokea? Watoto walisema Shubiri sasa anabadilisha sura, anaweza kuwa yeyote. Wakaacha kula kwa babu zao. Mmoja alimsukuma babu yake kwenye ngazi." Editha alisogeza kikombe. "Tukamrudishia uso wake. Afadhali wamchukie mmoja kuliko kuwachukia wote."

"Afadhali kwa nani?"

"Sijui. Mimi si kadhi. Ninachojua ni kwamba Shubiri peke yake hatoki. Yeye na Zawena wametoka kichwa kimoja, mizizi imefungamana. Una haki ya kufunga mfululizo, nasi hatuwezi kukuzuia. Lakini ukifunga, Zawena atanyamaza katika kila nakala, usiku na mchana, wodini na majumbani. Watoto wanaomweleza wasiyomweleza mama yao watafungua kitabu na kukuta karatasi."

"Watapata hadithi nyingine."

"Wewe unaye mmoja nyumbani," Editha alisema. "Kamuulize."

Hakuwa na haja ya kumuuliza. Jioni hiyo alisimama nje ya chumba cha Subilaga, akamsikia akimsimulia Zawena habari za rafiki yake aliyehama. Neno "alihama" lilimchukua muda mrefu sana. Zawena hakulimalizia, wala hakumwambia apumue. Alingoja tu, akicheza na ncha ya msuko wake, kana kwamba duniani hapakuwa na jambo jingine la kufanywa. Neno lilipofika akasema, "Enhe, ikawaje?"

Hakuna mtu aliye hai aliyejua kungoja hivyo. Gwantwa mwenyewe hakujua, maana kila Subilaga alipokwama, mwili wake yeye wote ulikakamaa. Aliweza kumtengeneza mngojaji tu, kwa sababu alikuwa amemtamani kwa miaka mingi.

*

Kesho yake mtoto alipokwenda shule, Gwantwa alikifungua kitabu mezani. Zawena akainuka, akapangusa sketi yake, akamwamkia.

"Zawena, nikikuambia kwamba Shubiri ni mzee wa kweli? Hana kibuyu. Ana ng'ombe wawili na goti bovu."

Zawena alicheka, kicheko kilichopendwa na watoto wa nchi nzima. "Basi ndiyo nafasi yetu! Mwenye goti bovu hawezi kukimbia."

"Na akiwa hajui alichowafanyia watoto? Akiwa amesahau kabisa?"

"Atafundishwa kukumbuka."

"Akiomba radhi je?"

Zawena aliinamisha kichwa akafikiri. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na Gwantwa aliuona uso wake mwenyewe wa zamani, ukiwa safi, bila woga.

"Nitamwacha aombe," Zawena alisema. "Aombe mbele ya watu wote, mpaka sauti ikwame. Na kila ikikwama nitapiga makofi."

Gwantwa alikifunga kitabu kwa kiganja, kwa haraka, kama anayefunika sufuria inayoungua. Makofi hakuwahi kumpa Zawena. Hayamo katika toleo lolote. Hayo yalikuwa yamepita yenyewe kwenye kofia, pamoja na mengine, na miaka yote hiyo aliposhangaa jinsi watoto walivyo wakali kwa Shubiri, hakujiuliza ukali wameupata kwa nani. Shubiri aliwatia hofu tu. Mawe waliwekewa mkononi na Zawena.

*

Alimwomba Editha kofia na wiki moja.

Alitaka toleo moja tu, ambamo Zawena anamsamehe. Aliketi chini ya nyaya akamwaza mzee mwenye sukari kifuani. Akawaza mjukuu anayekula peke yake. Akalazimisha moyo wake upite njia ile mara nyingi, kama mtu anayemburuta punda mtoni, na kila mara aliona kwamba punda amesimama palepale. Hatimaye alipata kurasa zake: Shubiri amepiga magoti, kibuyu kimevunjika, Zawena amenyoosha mkono na kusema, "Nimekusamehe, babu."

Editha aliwapa kurasa hizo watoto wa majaribio. Gwantwa alitazama kutoka nyuma ya kioo. Walisoma kimya. Ilipofika sehemu ya mkono, mvulana mmoja mwenye miwani alimnong'oneza jirani yake, na wote wakaanza kucheka kwa furaha.

"Anasemaje?" Gwantwa aliuliza.

Editha alisikiliza kwa kipokezi, akakitoa sikioni. "Anasema Zawena anamdanganya ili amkamate vizuri." Alikiweka kipokezi mezani. "Wamelipenda, Gwantwa. Wanasema ndilo bora kuliko yote."

"Msilichapishe."

"Sitalichapisha."

Siku mbili baadaye binti wa mwalimu alipiga simu. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya uchovu, naye hakulia. Watoto walikuwa wameingia zizini na kumvunja ng'ombe mguu. Mzee alipotoka na fimbo yake walimsukuma akaanguka mferejini, na nyonga imeteguka.

"Walikuwa wakiimba," yule mwanamke alisema. "Ule wimbo wa kitabuni. Watoto wa jirani, mama. Nimewaogesha wengine mimi mwenyewe walipozaliwa. Nikiwakanya wananitazama kana kwamba mimi ndiye mjinga."

Gwantwa alikwenda kwa wachapishaji akafunga mfululizo wa Zawena. Hakukuwa na sherehe. Editha aliuliza mara ya mwisho, yeye akaitikia, na fundi mmoja ambaye watoto wake walikuwa nyumbani wakisoma akageuka ukutani asionekane uso.

Aliporudi, Subilaga alikuwa ameketi sakafuni na vitabu vyote kumi na viwili amevifungua mbele yake. Kurasa zilikuwa na maandishi tu.

"Mama mk-mkubwa. Z-Z-Zawena yuko wapi?"

"Nimemfunga, mwanangu. Hatasema tena."

"Kw-kw-kw..."

Gwantwa alichuchumaa mbele yake. Akangoja. Alijitahidi kungoja kama alivyoona, akalegeza mabega, akalegeza mdomo. Lakini Subilaga alimtazama usoni, akaona anavyongojewa, akalimeza neno. Akavipanga vitabu kimoja juu ya kingine. Usiku ule hakusema kitu, wala kesho yake, wala wiki iliyofuata shuleni. Mwalimu wake aliandika kwamba mtoto ana heshima sana.

Habari ilienea kwa watoto kabla haijawafikia wakubwa, na ilipowafikia ilikuwa imeshabadilika. Zawena hakufungwa na mtu. Shubiri amemla. Amemtoa kwenye vitabu vyote kwa siku moja, akamtia kibuyuni, na anaishi Tukuyu. Sasa hawakuja tena watoto wa jirani pekee. Walikuja wengine kwa mabasi ya asubuhi kutoka mbali, na madaftari mgongoni, wengine wakilia. Zizi lilichomwa moto mchana kweupe.

Binti wa mwalimu alipiga simu tena. "Njoo umchukue," alisema. "Mimi nina mtoto wa kulinda. Huyu baba yangu nampenda, lakini huyo wanayemwinda si baba yangu. Ni wako. Wewe ndiye uliyemtengeneza."

Gwantwa aliweka simu chini. Alikodi gari, akamleta mzee amelala kiti cha nyuma chini ya blanketi, kama mzigo wa magendo.

*

Tumpe alifika kutoka Kyela siku iliyofuata. Aliingia bila kubisha, akapita ukumbini, na kwenye mlango wa chumba cha wageni akasimama ghafla. Mzee alikuwa amelala akikoroma, mto chini ya nyonga.

Tumpe alimvuta dada yake mpaka jikoni.

"Ni yeye," alisema. "Ni yule wa Lupembasi. Siku zote nilipoangalia kile kitabu nilikuwa najiambia Shubiri anafanana naye."

"Ni yeye."

"Dada, ulinyamaza miaka miwili. Mama alikuwa anakupeleka kwa waganga. Mimi ndiye niliyekuwa nakusemea dukani, nikiwa mtoto mdogo. Na leo unamwogesha?"

"Ana pa kwenda?"

"Hilo si swali lako! Ungemwacha."

"Niliwaachia watoto kazi hiyo, Tumpe. Kwa miaka kumi na miwili. Umeona walivyoifanya."

Tumpe alifuta macho kwa ukingo wa kitenge. "Mwanangu simwachi ndani ya nyumba hii. Umemnyima yule wa kusema naye, halafu unamletea huyu. Nisamehe dada, lakini sijui nani amekosea zaidi kati yenu."

Alifunga nguo za Subilaga katika begi. Mtoto alitoka ameshikwa mkono, akapita mbele ya mama yake mkubwa bila kuinua macho. Vitabu alikuwa ameviacha kitandani. Gwantwa alisimama mlangoni hadi gari lilipokata kona, kisha akarudi ndani kwa sababu maziwa yalikuwa jikoni.

Maisha yao yalikuwa kimya, madirisha yamefungwa mapazia. Mzee hakuwa msumbufu. Alishukuru kwa kila kitu, kwa maji ya moto, kwa shati lililopigwa pasi. Nyonga ilipopata nafuu alianza kuketi mezani. Siku moja ya Jumapili, wakila ndizi za nazi, aliweka kijiko chini.

"Binti yangu, kuna kitu kinanisumbua. Umenitendea mema ambayo wanangu hawajanitendea. Lakini hunitazami usoni. Kama kuna nililokukosea, niambie."

Basi Gwantwa akamwambia. Alimweleza ule mwaka mzima, meza, kitabu cha kusomea, majina ya waliokaa mstari wa mbele, jinsi alivyokuwa akijikojolea njiani asubuhi kabla hajafika. Hakupandisha sauti. Mzee alisikiliza, mikono juu ya magoti.

"Sikumbuki," alisema mwishowe. "Ningesema nakumbuka, ili upate raha, lakini sikumbuki. Kama nilifanya hivyo, nisamehe."

"Ulifanya."

"Basi nisamehe, binti yangu."

Alilisema kwa moyo mweupe, kama mtu aliyekanyaga mguu wa mwenzake ndani ya basi. Gwantwa alisubiri kuona kama kuna kitu kitahama ndani yake. Hakikuhama kitu. Nje, mtoto fulani alipita akipiga lango kwa fimbo, mlio ukaenda na kufifia.

Mzee alipitisha ulimi juu ya meno. "Lakini ulipona, sivyo?" aliuliza, na jicho lake zima likang'aa kwa tumaini. "Unasema vizuri kabisa."

"Kula, mwalimu," Gwantwa alisema. "Chakula kinapoa."

Akala. Alimaliza sahani yote, akaomba nyingine, naye akamwongezea.